Maji Mekundu Mtaroni

Ukirudi kutoka ibadani leo fungua Ezekieli 34, mstari wa 18. Sura inaanza kwa kuwakemea wachungaji, lakini ikifika hapo Mungu anasema na kundi lenyewe. Mmekwisha kunywa maji safi, anawauliza, kwa nini mnayavuruga kwa miguu yale wanayobakiziwa wenzenu?

Nililikumbuka neno hilo Jumamosi moja, uani kwa mama wa jumuiya yetu anayepika ubuyu. Sukari ilichemka, ikaingia iliki, kisha rangi nyekundu ya unga. Ubuyu uling'aa! Sufuria ikasuuzwa, na maji mekundu yakashika mtaro kuelekea mtoni.

Usiwahi kumnyooshea kidole. Ubuyu huo ndio ada ya wanawe.

Rangi nyingi za kiwandani asili yake ni mafuta ya petroli. Zimetengenezwa zisichuje kwa jua wala moto, na sifa hiyohiyo huwa shida majini, maana nyingi haziozi upesi. Zikimwagwa kwa wingi bila kusafishwa, maji hutiwa giza, mwanga haupenyi, mimea ya chini hudhoofika na samaki hupungukiwa hewa. Sufuria moja si kiwanda, najua. Lakini hesabu sufuria za mtaa wako.

Wala usidhani cha asili hakina gharama. Rangi ya karmini hutoka kwa wadudu wa dungusi kakati wanaofugwa sana Peru, na huuawa maelfu kwa maelfu ili ipatikane kidogo tu. Mzingefuri, ule mti ambao wageni wa Zanzibar hupakwa mbegu zake midomoni, hulimwa pia Kwale, na rangi yake huingia kwenye siagi na jibini. Huoza vizuri, ila unataka shamba, na rangi za namna hii mara nyingi hupauka mapema, hivyo hutiwa nyingi zaidi.

Nilimpelekea mama yule kifuko cha mbegu za mzingefuri, nikijiona mwema. Ubuyu ulitoka wa rangi ya machungwa. Watoto wa shule ya Jumapili waliutazama, wakapita.

Jumamosi iliyofuata alirudia rangi ya dukani, nusu ya kipimo cha zamani. Maji ya kusuuzia hakuyamwaga. Aliyatia sukari, akabandika sufuria ya pili.