Hazina ya Hesabu (Sehemu ya 3): Vigawo Viwili Vilivyofichika

Katika sehemu iliyopita tuliona kwamba namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leo tuchunguze namba moja yenye tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927.

Kuipata ni rahisi. Anza na 1, zidisha kwa 2 mara 67, kisha toa 1. Namba za ukoo huu huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne. Chukua 2 kwa vipeo vya 2, 3, 5 na 7, utoe 1 kila mara: utapata 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Lakini kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 × 89. Basi kipeo kuwa tasa hakutoshi.

Mwaka 1644 Mersenne aliorodhesha vipeo alivyoamini kuwa huzaa namba tasa, 67 kikiwamo. Kauli yake ilidumu zaidi ya karne mbili, hadi mwaka 1876, Mfaransa mwenzake Édouard Lucas alipothibitisha kuwa namba yetu si tasa. Aliipitisha kwenye kipimo ambacho kila namba tasa ya ukoo huu lazima ikifaulu, nayo ikashindwa. Hata hivyo, vigawo vyenyewe hakuvipata.

Ipo kanuni ya kupunguza msako. Kipeo kikiwa tasa na witiri, kila kigawo cha namba ya Mersenne hubakiza 1 kikigawanywa kwa maradufu ya kipeo hicho. Rudi kwenye 2,047: maradufu ya 11 ni 22, 23 ni 22 na 1, na 89 ni 88 na 1. Kwa 67, basi, tunahitaji namba zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 134, yaani 135, 269, 403 na kuendelea. Kigawo kidogo kimekaa nafasi ya 1,445,580 katika safu hiyo!

Aliyekifikia ni Mmarekani Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba Oktoba 1903, mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York, alikwenda ubaoni bila kusema neno, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Baadaye alisema kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Hapa ndipo penye funzo. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya muda mfupi. Kuzitenganisha tena ni kazi ya miaka. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliutumia ugumu huohuo kubuni njia ya kulinda ujumbe wa siri kwenye kompyuta.

Msomaji, twaa kalamu na karatasi, uzidishe namba mbili za Cole tarakimu kwa tarakimu. Jibu lililomgharimu miaka mitatu, wewe utalihakiki kabla chai yako haijapoa.