Simulateri ya ndege za vita: kile inafundisha, na kile inaruka



Wengi munajua mchezo wa mpira kwenye kompyuta. Kuko mwingine wenye wachezaji wachache hapa kwetu: simulateri, ni kusema programu inayoigiza ndege za vita za zamani. Mimi niko agronome, si piloti. Lakini mchezo huu unaniuliza hesabu zile zile za fizike tulizofanya mwaka wa kwanza, njo maana naona unafaa kuelezwa hapa.

Kwanza, hauombi machini ya bei. IL-2 Sturmovik: 1946 ilitoka mwaka 2006, kwa hiyo laptopu ya okazioni inaiweza. Jostiki inasaidia sana, kwani vidole kwenye klavye ni vizito. Delestaji ikikuja, unacheza mpaka batri iishe, basi.

Sasa somo lenyewe. Kwenye ndege, urefu wa juu ni kama pesa uliyoweka kwenye likirimba, na mwendo ni pesa iko mkononi. Ukishuka, unatoa likirimba, unapata mwendo. Ukikata kona kali, unatumia. Anayeanza anakata kona tu, anakata kona, kisha anajikuta chini, polepole, bila kitu, na adui iko juu yake. Wengi wanapigwa juu ya kumaliza akiba, hata kama wanajua kulenga.

Pili, hewa. Bawa linabebwa na hewa, na motere inapumua hewa. Kavumu, uwanja wetu wa ndege, iko karibu metre 1.720 juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi mbele ya kuruka. Joto likipanda, inakuwa mbaya zaidi. Simulateri nzuri inahesabu yote hayo.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 1916, Wabeleji walikuwa na ndege za maji aina ya Short 827, zilizotoka Uingereza, kwenye ziwa dogo la Tongwe, si mbali na Kalemie ya leo. Tanganyika yenyewe ina mawimbi makali kwa ndege kama ile. Tarehe 11 Juni 1916, Behaeghe akiendesha na Collignon akiangalia, walivuka ziwa kwenda kutupa mabomu Kigoma, kwenye meli ya Wajerumani Graf von Götzen.

Fanya hesabu. Ndege ile ilikimbia karibu kilomita 100 kwa saa, na iliweza kukaa hewani kama saa tatu na nusu. Tuseme kwenda ni kilomita 110: kwenda na kurudi ni zaidi ya saa mbili. Weka muda wa kupanda na kutafuta meli. Weka uzito wa mabomu, na maji yanayoshika ndege wakati wa kuondoka. Upepo ukikupiga usoni kwa kilomita 30, kurudi peke yake kunakula zaidi ya saa moja na nusu. Sasa unaelewa kazi ya wale wawili kuliko kusoma tarehe tu.

Mwezi uliofuata, Wajerumani wenyewe waliizamisha meli. Baadaye ilitolewa majini, na leo inaitwa Liemba. Behaeghe alikufa kwa ugonjwa huko Niemba, Desemba mwaka ule ule.

Lakini angalia kile simulateri inaruka. Unabonyeza, na ndege iko tayari, essence imejaa. Ndege za Tanganyika zilifika vipande vipande, kwa meli, kwa reli, kwa mto, na vita ile nzima iliendeshwa kwa migongo ya wapagazi. Nani alibeba? Nani alilima chakula chao, na shamba lake lilibaki na nani? Agronome hawezi kuacha swali hilo.

Tena, kamera iko juu siku zote. Sisi watu wa Kivu tunajua ndege ya vita toka chini: unaisikia, unaita watoto ndani, unangoja. Kwenye skrini, kijiji ni alama ya kijani. Cheza, lakini usisahau kwamba pale kwenye alama kuko mtu anayeangalia juu.

Basi, ukipakua mchezo, fanya na kazi ya upande wa pili. Kama uko na mzee toka Kalemie, Fizi, Uvira au Kabalo, muulize wazazi wake walisimulia nini juu ya vita ile na juu ya kubeba mizigo. Majina ya mapiloti yamekwisha kuandikwa. Ya wabebaji wengi hayajaandikwa bado, na wazee wanatuacha kila mwaka.