Mtaro ni wa kaunti, mikoko ni ya nani?

Mvua ikinyesha na maji yakajaa mitaani Mombasa, lawama humwendea gavana. Mikoko ikikatwa Kwale, watu humlaumu gavana pia. Lawama ya kwanza iko mahali pake. Ya pili si yake peke yake, na pengine si yake hasa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililogawa kazi. Serikali kuu ilipewa ulinzi wa mazingira na maliasili. Kaunti zikapewa kutekeleza sera za kitaifa za misitu, udongo na maji, pamoja na mitaro ya maji ya mvua, zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hivyo mtaro ulioziba ni wa kaunti, hakuna mjadala. Lakini msitu wa mikoko ni wa umma, chini ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya, ambalo ni la serikali kuu. Wanakijiji hushiriki kuutunza kupitia chama chao cha misitu, kwa mkataba na shirika hilo.

Ikaja Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Juu kuna baraza la kitaifa ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Kila kaunti nayo yatakiwa kuingiza tabianchi katika mpango wake wa miaka 5, kumpa waziri mmoja wa kaunti jukumu hilo, na mwaka wa fedha ukiisha, kupeleka ripoti kwa bunge la kaunti. Ripoti hiyo ni haki yetu kuiulizia kwa mwakilishi wadi. Ni wangapi wamewahi?

Penye pesa ndipo mambo huwa mazito. Gazi na Makongeni, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 na huuza kaboni ya hekta 117 za mikoko. Mapato yake yameleta maji na vitabu vya shule. Ulianza kabla ya sheria kusema chochote kuhusu mgao. Marekebisho ya 2023 sasa yanataka mwenye mradi atie saini mkataba wa maendeleo na jamii: mradi wa ardhini uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa, usio wa ardhini, asilimia 25. Serikali kuu na kaunti husika husimamia mazungumzo hayo, ila wanaokaa mezani na mwenye mradi ni wanakijiji.

Basi akija mtu kijijini na karatasi za kaboni, kabla ya kutia saini muulizeni mikoko ameiandika upande gani. Maji yakijaa iko baharini, yakipwa iko nchi kavu, na tofauti yake ni shilingi 15 katika kila mia.