Nahau za fedha zisitafsiriwe sisisi

Majuzi nilikuwa nikinunua sukuma wiki sokoni huku redio ya kibandani ikisoma habari za mchana. Mtangazaji akasema kuwa maafisa wa kaunti 'walipika vitabu' vya mradi wa soko. Mama mboga akaangua kicheko: "Mwalimu, kwani siku hizi vitabu navyo hupikwa?"

Nilicheka pia, kisha nikasikitika. Habari iliyomhusu yeye hasa, anayenyeshewa kila masika kwa kukosa paa, ilimpita kama mzaha.

Kauli hiyo ni tafsiri sisisi ya nahau ya Kiingereza 'cook the books'. 'Books' hapa si vitabu vya kusoma bali ni daftari za hesabu za fedha. Kitenzi 'kupika' hakina kosa. Husemwa 'kupika majungu' kwa maana ya kufanya fitina, na wengi wetu hutaja 'data ya kupika'. Tatizo limo katika nomino. Angalisema 'walipika hesabu' au, waziwazi zaidi, 'walighushi hesabu', mama huyu angalielewa papo hapo.

Tazama pia 'foot the bill'. Asili yake ni desturi ya kujumlisha hesabu na kuandika jumla chini kabisa, 'mguuni' mwa orodha. Kwa Kiswahili tuseme 'kugharamia' au 'kulipia', basi. Mguu hauna kazi hapo.

Wakati mwingine lugha zote mbili zina picha, ila hazifanani. Mtu bahili kwa Kiingereza ni 'tight-fisted', yaani amekaza ngumi. Kwetu ana mkono wa birika, uliojikunja usionyooka kumpa mtu kitu. Ukimwita 'mwenye ngumi iliyokazwa', msikilizaji atadhani ni bondia.

Hata hivyo, si kila picha ya kigeni hukataa kuhama. 'Money laundering' tumeiita 'utakatishaji wa fedha'. Kutakatisha ni kukifanya kilichochafuka kiwe safi. Picha ya kufua imebaki, na msikilizaji anajua kuwa pesa hizo zilikuwa chafu.

Kwa hivyo, mtafsiri ajiulize kwanza: je, picha hii inaonekana kwa Kiswahili? Ikiwa haionekani, atafute nahau yetu. Akiikosa, aseme waziwazi.

Nilimfafanulia mama mboga maana ya ile habari. Hakucheka tena. Aliniuliza tu, "Kumbe ni hili soko letu?"