Reli Ukutani mwa Stoo ya Kukhu

Lugulu haina reli. Ukisimama kando ya barabara ya A1, ile inayopanda kutoka Webuye kwenda Kitale, utaona bodaboda, matrekta ya miwa, wasichana wa shule ya upili wakiburura masanduku siku ya kufungua shule, na kule mbali Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Treni hutaiona. Hata hivyo, wajukuu zangu, Lugulu iko kati ya reli mbili. Kusini, pale Webuye, inapita njia kuu iendayo Bungoma, Malaba na kuingia Uganda. Kaskazini, mjini Kitale, kuna mwisho wa reli nyingine, iliyofika mwaka 1926 ikakomea papo hapo.

Hadithi yangu ni ya mtoto aliyehama kutoka kwenye reli. Mtoto huyo nimemtunga mimi, lakini reli zake ni za kweli, na hesabu zake mnaweza kuzipiga wenyewe mkiwa na rula.

Alizaliwa Webuye, katika nyumba ya kupanga karibu na stesheni. Usingizi wake aliuzoea ukiwa na ngurumo ya mabehewa ya mizigo ndani yake. Alipofika darasa la tano, wazazi wakahamia kwa nyanya yake, Lugulu. Usiku wa kwanza hakusikia kitu ila mbwa na upepo. Asubuhi akamwendea nyanya, ambaye huku tunamwita kukhu.

"Kukhu, naomba mahali pa kujengea reli ndogo."

"Reli ya kupanda nani?"

"Ya kutazama, kukhu. Na ya kusukuma mabehewa."

Nyanya akafikiri. "Stoo iko. Lakini mahindi yakivunwa, magunia ndiyo wenyeji. Wewe ni mgeni."

"Ndiyo, kukhu. Nitatafuta njia tusigombane."

Sasa tazameni alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo wengi huanza vibaya. Wengi hutengeneza treni kwanza, halafu wakatafuta pa kuiweka. Huyu alikaa na chumba kwanza. Aliingia stoo mvua ikinyesha, akatazama juu kuona mabati yanavuja wapi. Akaingia saa nane mchana, akaona jua la dirishani linapiga ukuta upi, kwa maana mbao ikichomwa na jua kila siku hupinda, na reli iliyolala juu yake hupinda nayo. Akachunguza pembe za sakafu: kulikuwa na njia nyembamba za udongo zikipanda ukutani. Mchwa. Akafungua mlango hadi mwisho ili ajue unakula nafasi gani. Mwishowe akachukua futi ya fundi seremala akapima. Ukuta wa kaskazini, ambao haukuvuja wala kupigwa na jua, ulikuwa na urefu wa mita 3.

Magunia yalihitaji sakafu. Kwa hiyo reli isingeweza kukaa sakafuni, wala juu ya meza yenye miguu minne. Baba yake alimsaidia kukata ubao wa mita 3 kwa sentimita 45, wakaufunga ukutani kwa bawaba, ukawa unashushwa wakati wa kucheza na kukunjwa juu wakati wa mavuno. Kwa nini sentimita 45? Kwa sababu aliunyoosha mkono wake na kupima hapo vidole vinapofika bila kifua kugusa ubao. Ukijenga mahali ambapo mkono haufiki, siku behewa litakapoanguka huko utalifuata kwa kiwiko, na kiwiko kitabomoa stesheni nzima. Kingo za ubao zilipakwa oili chafu ya gereji, ambayo mafundi wengi wa huku hutumia kuwafukuza mchwa. Na gundi? Si uji wa unga. Uji wa unga unashika vizuri, lakini katika stoo ya mahindi panya na mende wataula pamoja na kuta za stesheni. Alinunua gundi nyeupe ya maseremala.

Baada ya chumba ndipo ikaja hesabu, nami nawaomba msiiruke, maana utamu wote wa kazi hii uko humo.

Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina nafasi ya mita 1 kati ya chuma na chuma. Ndiyo maana huitwa reli ya mita. Ile mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435. Reli za Webuye na Kitale ni za mita. Msichana wetu akaamua kwamba kila kitu atakigawanya kwa 50. Mita 1 ni milimita 1,000. Gawanya kwa 50, unapata milimita 20. Nambari safi kabisa, unaiona kwenye rula bila kukunja macho. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 34. Behewa la mita 12 linakuwa sentimita 24.

Wako watu Ulaya ambao hununua haya yote dukani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka treni zake ndogo kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na mjini Hamburg ndugu wawili mapacha wa ukoo wa Braun walifungua mwaka 2001 ukumbi mzima wa reli ndogo. Kipimo kinachopendwa zaidi huko ni kugawanya kwa 87, ambacho huzaa reli ya milimita 16.5. Lakini zidisha 16.5 kwa 87 uone: unapata kama 1,435. Hiyo ni reli ya Ulaya, na ya SGR. Si reli iliyopita karibu na kitanda cha mtoto huyu. Alitaka yake, basi ilibidi aitengeneze.

Akaenda kwa fundi wa baiskeli akaomba spoki zilizochakaa. Spoki ya baiskeli ina unene wa karibu milimita 2. Zidisha kwa 50: milimita 100, sentimita 10. Reli ya kweli ina kimo kinachozidi hapo kidogo tu. Mimi nikiona vitu viwili vinakubaliana hivyo, chakavu cha fundi na chuma cha shirika la reli, hufurahi moyoni. Spoki alizinyoosha, akakata vichwa kwa msumeno wa chuma, akalainisha ncha kwa tupa. Mataruma akayakata kwenye vijiti vya aiskrimu, kila kimoja milimita 38, akayapanga kwa nafasi ya milimita 14. Kisha akachonga kipande cha mbao chenye upana wa milimita 20 kamili. Hicho alikiweka kati ya spoki mbili kila alipopaka gundi, akakisogeza mbele, akapaka tena. Jicho hudanganya, kipande kile hakikudanganya. Mchanga uliochekechwa ukamwagwa katikati kuwa kokoto.

Magurudumu yalikuwa vifungo. Kifungo cha shati chenye upana wa milimita 16 kiligundishwa kwenye kifungo kikubwa kidogo, na kile kikubwa kikakaa upande wa ndani. Ukitazama gurudumu lolote la treni utaona ukingo huo wa ndani. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisiteleze nje ya reli: likitaka kwenda kushoto, ukingo wa gurudumu la kushoto unagusa chuma na kulirudisha.

Sasa, stesheni ipi? Alitaka Webuye, bila shaka. Alitaka daraja la Mto Nzoia, na njia ya pembeni ya kiwanda cha karatasi cha Panpaper, kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Alitaka na Bungoma pia. Akapiga hesabu. Kutoka Webuye hadi Bungoma ni zaidi ya kilomita 20. Kilomita 20 ukigawanya kwa 50 ni mita 400. Reli ingetoka stoo, ingepita shamba la kukhu, la jirani na la jirani wa jirani. Ukuta wake wa mita 3 ulimpa mita 150 tu za dunia ya kweli.

Hata kona hazikuwezekana. Kona kali ya reli ya mita hukatwa kwenye duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 150 au zaidi. Gawanya: mita 3. Duara kamili lingehitaji chumba cha mita 6 kila upande.

Hapo ndipo ukuta ulipomwambia jina la stesheni. Treni inayopita Webuye huingia upande mmoja na kutokea wa pili. Inahitaji matundu mawili kwenye kuta. Kitale haihitaji. Reli ya Kitale inachepuka kutoka njia kuu pale Leseru, ng'ambo ya Turbo, inapitia Moi's Bridge, inafika mjini, inakwisha. Ilijengwa kwa ajili ya mahindi na ngano ya mashamba makubwa ya walowezi wa Trans Nzoia. Njia kuu ilikuwa imefika Eldoret mwaka 1924, na miaka miwili baadaye tawi la Kitale likafunguliwa. Reli inayoishia ukutani, kwenye ubao unaoishia ukutani! Na kwa kuwa ilikuwa miaka mingi tangu abiria waache kushuka Kitale, na mahindi yalikuwa yamehamia kwenye malori, stesheni hiyo ilistahili mtu wa kuikumbuka.

Mwisho wa reli, hata hivyo, una fumbo lake. Injini inafika mbele, ikiyavuta mabehewa. Sasa imebanwa kati ya mabehewa na ukuta. Itatokaje? Stesheni nyingi za mwisho huwa na njia ya pili kando ya ile ya kwanza, zinazokutana pande zote mbili. Injini inaachana na mabehewa, inasonga mbele, inarudi kwa njia ya pili, inajishika nyuma ya mabehewa. Msichana akapima: mabehewa matatu ya sentimita 24 na nafasi za kuunganisha, kama sentimita 80. Mahali reli zinapogawanyika, sentimita 30 kila upande. Injini kule mwisho, sentimita 30. Jumla mita 1 na sentimita 70. Sentimita 130 zilizobaki akazipa njia ya kuingilia, na akachomoa tawi fupi la kwenda ghala la nafaka.

Kaka yake, wa darasa la nane, alitaka injini kubwa kuliko zote. Alikuwa amesoma habari za injini za mvuke za Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956: 34 kwa idadi, tani 252 kila moja, na kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja iliitwa Mount Elgon. Mbili zilizobaki, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko kwenye Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Nami nakiri ni mashine za kupendeza mno. Boila la kila moja limeninginizwa katikati, juu ya vigari viwili vyenye magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila kigari hujigeuza peke yake kwenye kona. Hivyo mzigo mzito unagawanyika kwenye reli nyepesi, na mwili mrefu unapinda kufuata njia.

"Ina urefu gani?" dada akauliza.

"Karibu mita 32."

"Sentimita 64. Mahali pa injini pana 30. Kisha zilikuwa za Mombasa na Nairobi, kaka, si za Kitale."

Akatengeneza injini fupi ya dizeli ya kupanga mabehewa, ya kadibodi, sentimita 24, ikisukumwa kwa kidole. Mota ya redio mbovu na betri za tochi zingefuata. Umeme wa ukutani baba aliukataza, na mimi namuunga mkono kabisa.

Mavuno yalipokuja, mabehewa yaliingia kwenye katoni, ubao ukakunjwa, leso kuukuu ya kukhu ikafunika yote kwa sababu vumbi la mahindi hupenya kila mahali na hukwamisha vifungo. Magunia yakauzwa baadaye, sakafu ikawa wazi. Ndipo msichana akagundua kwamba ukuta wa kusini umekauka: baba alikuwa amebadilisha bati lililovuja. Webuye! Kitale kaskazini, Webuye kusini, na hapo katikati, anaposimama yeye, Lugulu.

"Tuziunganishe," kaka akasema. "Ubao mmoja wa kupita mlangoni."

"Lugulu haina reli."

Kaka akatoka nje. Akarudi na lori lake la waya, lile alilolisuka mwenyewe na kulivisha matairi ya ndala, akaliweka sakafuni. Dada akachukua rula, maana hakuna kitu kilichoingia stoo ile bila kupimwa. Sentimita 35. Mara 50 ni mita 17 na nusu: lori lenye trela, sawasawa kabisa na yale yanayopita A1. Kukhu aliyekuwa mlangoni akachota kiganja cha mahindi, akalijaza, na lori likaondoka Kitale kwa barabara.