Ukuta Uliopinda Ndani ya Pua

Paukwa! Pakawa! Leo hapana sungura wala fisi, wanangu. Leo ni habari ya Zawadi, msichana wa darasa la tano aliyepigwa na mpira usoni. Uvimbe ulipoa, lakini tangu hapo tundu la kushoto la pua yake likawa halipitishi hewa vizuri. Na kila hewa ikikauka, damu humtoka upande huohuo.

Shika pua yako katikati. Ndani mna ukuta unaoigawa mara mbili. Mbele ni gegedu, ndiyo maana pua hupindika ukiichezea. Nyuma ni mfupa. Ukuta wa Zawadi umeegemea kushoto. Si wake peke yake: watu wengi ukuta wao haukunyooka sawasawa, na wengi wao hawasumbuliwi na lolote.

Anayesumbuka hasa ni utando. Utando huo mwekundu, laini, umefunika ukuta pande zote mbili. Kazi yake ni kupasha hewa joto, kuitia unyevu na kutoa ute wa kunasa vumbi na vijidudu. Juu yake kuna vijinywele vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyosukuma ute taratibu hadi kooni, nasi tukaumeza bila kujua.

Sasa, umewahi kupita kichochoro chembamba upepo ukivuma? Humo upepo hukimbia kuliko uwanjani. Ndivyo ilivyo upande wa kushoto wa Zawadi. Hewa hupita mbio na kuukausha utando. Ute huganda ukawa kamasi kavu, vijinywele vikashindwa kuusukuma. Mbele ya ukuta, chini kidogo tu ya utando, mishipa myembamba ya damu imekusanyika. Utando ukipasuka, au kidole kikichokonoa, damu hiyo!

Upande wa kulia je, wenye nafasi tele? Huko nako kuna mambo. Mikunjo ya nyama iliyo pembeni mwa pua hunenepa, ikaijaza nafasi ile. Ndiyo maana mtu mwenye ukuta uliopinda huweza kulalamika kwamba matundu yote mawili yameziba.

Zawadi alipewa maji ya chumvi ya kulainisha pua. Upasuaji wa kunyoosha ukuta kwa kawaida husubiri hadi pua imalize kukua.

Nanyi shikeni haya. Damu ikitoka puani, kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 na upumue kwa mdomo. Usiinue kichwa juu, damu itaingia kooni. Na ukigongwa pua, kisha pande zote mbili zikaziba na maumivu yakazidi, usifiche: mwambie mzazi akupeleke hospitali siku hiyohiyo. Damu ikijikusanya chini ya utando, gegedu hukosa chakula chake na kuharibika.