Kijivu Si Kijani

Jioni ya Machi 11, 2011, saa chache baada ya tetemeko na tsunami kukipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, serikali ya Japani iliwaamuru watu waliokuwa ndani ya kilomita 3 wahame. Alfajiri ya kesho yake ikawa kilomita 10, na jioni yake 20. Ukizitazama ramani za siku zile unaona duara ndani ya duara, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Ni ramani za bikari: chomeka ncha kwenye kituo, zungusha penseli, basi.

Mionzi haifuati bikari. Machi 15 upepo uliisukuma upande wa kaskazini-magharibi, kisha mvua na theluji vikaiteremsha ardhini. Kijiji cha Iitate, kilomita kama 40 kutoka kituoni, kilikuwa nje ya maduara ya kuhama, na bado kikachafuka kuliko sehemu nyingi zilizokuwa ndani. Agizo la kuwahamisha watu wake lilikuja Aprili. Wakazi wengi wa Namie, mji ulio jirani na kituo, walikimbilia Tsushima, huko milimani ndani ya Namie hiyohiyo, wakakaa siku kadhaa wakiamini wamepona. Kumbe walikuwa wamelifuata wingu. Mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI ulikuwa tayari umekisia njia ya wingu lile, lakini makisio yake hayakuwafikia waliokuwa barabarani na mabegi yao.

Kazi yangu ni kutengeneza dashibodi za data, na kila nikianza mpya hujiuliza swali la Tsushima: skrini hii ingemwambia nini dereva anayetafuta pa kukimbilia, na ingemficha nini?

Neno dashibodi tumelitoa kwenye gari, na linapotosha kidogo. Dashibodi ya gari hukuambia mafuta yamebaki robo, nawe huna la kuuliza zaidi. Ninayoizungumzia hapa ni ile inayojibu. Unabofya kijiji, inakuletea historia yake. Unavuta kitelezi cha tarehe, ramani inabadilika. Unachagua kihisi kimoja, vingine vinafifia. Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliiweka kanuni hiyo mwaka 1996 na bado haijachuja: mwoneshe mtu sura nzima kwanza, mpe njia ya kusogea karibu na kuchuja, halafu undani umfikie pale anapouomba.

Lakini kabla ya skrini kuna data, na kabla ya data kuna kifaa. Muda mfupi baada ya ajali, vifaa vya Geiger vya kupimia mionzi vikiwa vimeadimika madukani, Sean Bonner, Pieter Franken na Joi Ito walianzisha kikundi cha kujitolea cha Safecast. Kwa kuwa vifaa vilikuwa vichache, waliona heri kimoja kizunguke na gari kuliko kukaa dirishani. Wakakifunga nje ya gari ndani ya kisanduku kinachofanana na kile cha chakula ambacho Wajapani hukiita bento, nacho kikapata jina la bGeigie, herufi ya kwanza ikiwa ya bento. Kila sekunde 5 kinaandika mstari mmoja. Leo data zao zimepita vipimo milioni 100, na yeyote anaweza kuzichukua bila kuomba ruhusa.

Hebu tuutazame mstari mmoja kwa karibu. Una namba ya kifaa, tarehe na saa, mipigo ya mionzi iliyohesabiwa katika dakika nzima iliyopita, mipigo ya sekunde 5 za mwisho, na jumla tangu kifaa kiwashwe. Kisha inakuja herufi moja, A au V. Baada yake ni latitudo, longitudo na mwinuko, halafu A au V nyingine. Herufi ya kwanza inasema kama hesabu ya mionzi imekamilika. Dakika ya kwanza baada ya kuwasha kifaa huandika V, maana dakika haijatimia na jumla bado ni pungufu. Ya pili inasema kama setilaiti zimekubaliana gari liko wapi. Wabunifu wengi wakipakia faili hizi huzitupa herufi hizo kwa sababu hazichoreki kwenye grafu. Mimi ndizo ninazoanza nazo. Ukizitupa, gari lililotoka tu gereji litaonekana limepita mahali pasipo na mionzi kabisa, na nukta ya barabarani inaweza kutua katikati ya bahari.

Sasa tarakimu zenyewe. Mrija wa bGeigie, ukikutana na mionzi ya seziamu-137, hupiga mara 334 kwa dakika kwa kila maikrosiveti 1 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa saa. Mahali pa kawaida, penye mionzi ya asili ya maikrosiveti 0.1 hivi kwa saa, tutegemee mipigo kama 33 kwa dakika. Kwa sekunde 5 ni mipigo mitatu tu, na mipigo hiyo haiji kwa zamu. Inadondoka ovyo, kama manyunyu juu ya bati: ukisikiliza sekunde moja huwezi kujua kama mvua inakuja au inaondoka. Kanuni ni kwamba hesabu ya mipigo hucheza juu na chini kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Kwa 33, mchezo huo ni karibu 6. Kifaa kinaweza kusoma 27, kisha 39, na hakuna chochote kilichobadilika hewani. Ukikusanya saa nzima unapata mipigo kama 2,000, na mchezo unakuwa 45 hivi, yaani asilimia 2 tu.

Kwa hiyo dashibodi inayochora kila sekunde 5 kama ilivyo inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na mtazamaji anatetemeka nayo. Ile inayochora wastani wa siku nzima imetulia, lakini inaweza kumeza tukio la nusu saa lililokuwa kweli. Sina jibu moja. Ninachofanya ni kumpa mtazamaji kitelezi cha kuchagua upana wa wastani, toka dakika hadi siku, na kuuzungushia mstari utepe mwepesi unaoonyesha mchezo wa kawaida. Kilichobaki ndani ya utepe, asikihangaikie. Kilichotoka nje na kukaa nje, hicho ndicho cha kubofya.

Shida ya ukubwa nayo ni ya aina yake. Kwenye ramani moja una mtaa wenye 0.1 na barabara ya eneo lililofungwa yenye 10 au zaidi. Ukitumia mizani ya kawaida ya shuleni, barabara hiyo itakuwa mnara na Japani yote iliyobaki sakafu bapa. Tofauti kati ya 0.1 na 0.5, ambayo mzazi anaijali kwelikweli, haitaonekana. Dawa ni mizani ya logi, ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Inasaidia macho, lakini ina mtego wake, kwani asiyeijua huona hatua tatu akadhani ni mara tatu, kumbe ni mara elfu. Ndiyo maana naandika tarakimu halisi kando ya kila rangi, hata kama mchoraji wa timu atanung'unika kwamba nimeujaza ukurasa.

Kisha kuna mvua, ambayo imewahi kuwaamsha usiku watu wengi bila sababu. Ardhi hutoa gesi ya radoni, nayo huzaa chembe za risasi na bismuthi zenye mionzi zinazoelea hewani. Mvua ikinyesha huzifagia na kuzimwaga chini, na kihisi hupanda ghafla. Nusu uhai, yaani muda wa kupungua nusu, ya risasi-214 ni dakika 27 hivi, ya bismuthi-214 ni 20, kwa hiyo saa chache baada ya mvua kukatika mstari umerudi ulikotoka. Seziamu-137 haina haraka hiyo, nusu uhai yake ni miaka 30. Umbo la mstari linakuambia mengi kuliko urefu wake: kilima chenye mteremko wa saa mbili ni jambo moja, ngazi iliyopanda ikagoma kushuka ni jambo lingine kabisa. Lakini mtu hawezi kulitambua umbo kama mvua haipo kwenye picha. Dashibodi ya mionzi isiyo na grafu ya mvua chini yake, kwenye mstari uleule wa saa, nasema haijakamilika.

Vihisi vinavyotembea vina hila nyingine. Mwaka 2019 shindano la kimataifa la uchambuzi wa data liitwalo VAST Challenge liliwapa washiriki mji wa kubuni, St. Himark, wenye kituo cha nyuklia kilichotikiswa na tetemeko. Kulikuwa na vihisi 9 vya kusimama na 50 vilivyofungwa kwenye magari ya wakazi. Nimeutumia mji huo kufundishia, na kila darasa huanguka shimo lilelile. Wanafunzi huchora ramani, wanaona barabara nyekundu, wanaandika kwamba barabara imechafuka. Nawaambia wabofye gari, si barabara. Magari mengine yaliyopita njia ileile saa ileile yanasoma kawaida, wakati hili moja linabeba usomaji wa juu kila liendako, hata likiegeshwa usiku. Kilichochafuka ni gari. Ramani peke yake haiwezi kusema hivyo. Panahitajika grafu ya saa inayofungamana nayo, ili ukigusa huku, kule kuwake.

Ufungamano huohuo ungefaa Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipoingia Chernobyl huko Ukraini, palipotokea ajali ya nyuklia ya zamani, na vihisi kadhaa vya eneo lile vikaonyesha kupanda kwa ghafla. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba magari mazito ya kijeshi yametimua vumbi la zamani. Baadaye watafiti wakayatilia shaka, na wengine wakahoji kama tarakimu zenyewe zilikuwa za kuaminika. Simo katika ugomvi huo. Ninachoona ni kwamba watu wengi waliletewa tarakimu ya kilele peke yake. Hawakupewa nafasi ya kuweka kihisi juu ya kihisi na kujiuliza nani alipanda lini, na nani alinyamaza baada ya hapo.

Rangi nitaipitia haraka. Kijani na nyekundu pamoja ni chaguo baya, kwa kuwa wapo wanaume wengi wasioweza kuzitofautisha. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kijani husema "salama", na usalama si kauli ya mchoraji wa grafu. Mlima Mrima huko Kwale, pwani ya Kenya, una mionzi ya asili iliyo juu kwa sababu ya thoriamu iliyo kwenye udongo wake, na hakuna kinu kilicholipuka pale. Kipimo kilekile kinachopaswa kuushtua mji mmoja ni siku ya kawaida kwingine. Nafuu yangu ni kukilinganisha kila kihisi na mwaka wake mwenyewe uliopita kabla ya kukilinganisha na jirani. Na tarehe iwe wazi daima. Nukta iliyopimwa Fukushima mwaka 2011 ilikuwa na seziamu-134 ambayo hupungua nusu kila miaka 2 hivi, kwa hiyo kuichora leo bila mwaka wake ni kusema uongo kwa tarakimu ya kweli.

Kosa langu kubwa katika kazi hii lilikuwa la kijani. Dashibodi yangu ya kwanza ilijaza sifuri pale kihisi kilipokuwa kimya, maana programu ilikataa kuchora pengo. Sifuri ikapakwa rangi ya chini kabisa. Matokeo yake, kihisi kilichokufa kilionekana ndicho mahali salama kuliko pote mjini. Hakuna aliyeligundua kwa wiki mbili, mimi nikiwa wa kwanza wa wasiogundua. Tangu siku hiyo ukimya una rangi yake, kijivu chenye mistari ya mshazari, na mahali ambapo hakuna aliyewahi kupima hapapakwi kitu. Wateja hawapendi. Wanasema ramani inaonekana haijaisha, nami nawajibu kwamba ni kweli haijaisha.

Mwaka jana nilijenga nyingine ya mazoezi kwa data za wazi za Ujerumani, ambako serikali ina mtandao wa vihisi kama 1,700 nchi nzima. Kabla ya kuwaonyesha wenzangu nilimpelekea shangazi yangu, muuguzi mstaafu, ambaye kompyuta kwake ni ya kuangalia picha za wajukuu. Nikampa kishikwambi, nikakaa kimya, maana hiyo ndiyo sehemu ngumu ya majaribio.

Alivuta ramani huku na huku, akabofya kituo kimoja chenye kilele kirefu. Akashtuka kidogo. Kisha kidole kikashuka taratibu toka kwenye kilele mpaka kwenye nguzo za buluu zilizokuwa chini yake.

"Aa, kulinyesha," akasema.

Nikadhani amemaliza. Akasogeza kidole kulia, kwenye utepe wa kijivu uliofuata, akaugonga mara mbili, haukufunguka.

"Na hapa, baba? Kimeharibika, au wenyewe wamelala?"